Fundi wa Boliti na Abiria Asiye na Jina

Mnisamehe kwanza mwandiko wangu. Niliishia darasa la tano, na mkono huu umezoea klachi kuliko kalamu. Herufi zangu zinalala kama majani yaliyopitiwa na maji, na mahali pengine nitakuwa nimekosea kuandika maneno. Someni polepole, mtaelewa. Ukurasa huu wa kwanza umenichukua Jumapili mbili. Kuongea mbele ya watu siwezi, ndiyo maana naandika. Nina ombi, lakini nitaliweka mwisho, ili mumjue kwanza mtu ninayemwombea.

Sisi sote tulimwita Fundi. Mafundi wa pikipiki hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi huku Uganda, ni wengi, kila senta ina wake, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, watu wanajua ni yule wa kibanda cha mabati chini ya Kabazana, pale barabara inapoanza kuteremkia bondeni. Yule aliyeweka boliti kwenye tairi.

Niwaeleze kazi hiyo, maana huenda ninyi mnaishi penye lami. Mvua ikishika, barabara zetu zinakuwa na ngozi mbili. Juu ni uji. Chini yake ni udongo mgumu, unaoteleza kama sahani iliyopakwa mafuta. Pikipiki ya tairi ya kawaida inaelea juu ya uji ule, gurudumu linazunguka mahali pamoja mpaka injini inanuka. Fundi alitoboa tairi ya nyuma kati ya vinundu vyake, akapitisha boliti fupi kutoka ndani kwenda nje, ishirini na nne, ili zipenye uji na kuushika ule udongo mgumu. Kichwa cha boliti kilibaki ndani juu ya washa pana, kile kibati cha duara chenye tundu. Juu ya vichwa hivyo alilaza utepe wa mpira uliokatwa kwenye tairi kuukuu, ili mpira wa upepo usitobolewe. Nje alikaza nati mbili, moja juu ya nyingine. Ncha iliyozidi aliikata kwa msumeno, ikabaki imetokeza kiasi cha ukucha wa kidole cha mwisho.

"Fundi, acha ndefu kidogo," waendeshaji walimwomba. "Ndefu inashika vizuri."

"Ndefu inapinda," alijibu kwa Kiswahili chake cha Kongo, ambamo mahali ni fasi. "Ikipinda inakatika. Ikikatika inaruka. Wewe unajua itaruka fasi gani?"

Na nati ya pili je, si kupoteza vyuma? "Nati moja ni kuomba," alisema. "Nati mbili ni kazi. Kuomba tutaomba Siku ya Mungu."

Alikuwa mtu mfupi, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, na alinuka mpira ulioungua. Shingo yake ilikuwa imepinda kidogo upande wa kulia. Wengine walisema ni ugonjwa. Mimi nilikuwa nikipita pale tangu nilipokuwa nikitumwa maji, na nafikiri ilipinda kwa kutazama nyuma.

Hapo ndipo penye habari yake. Pikipiki ilipokuwa tayari, aliifunga juu ya stendi ya mbao, gurudumu la nyuma likiwa hewani. Nyuma ya gurudumu hilo kulikuwa na nafasi tupu ya hatua nne au tano, na mwisho wake bati nene lililoegemezwa kwenye kichuguu. Kando ya nafasi ile alikuwa amepanga mawe na kuyapaka chokaa. Watoto hawakuvuka mawe yale. Nimewahi kuona mbuzi wa jirani akija mbio na kamba yake, akafika kwenye mawe, akasimama, akazunguka mbali.

Kabla ya kuwasha injini ajaribu tairi, Fundi aligeuza shingo, akatazama ile nafasi tupu, akasema kwa sauti ya upole, kama mtu anayemwomba mgeni asogee kwenye benchi:

"Wewe. Toka kule nyuma."

Kisha alingoja. Siku nyingine alingoja kidogo tu, siku nyingine mpaka waliokuwa wakimngoja wakaanza kukohoa. Halafu alitikisa kichwa kana kwamba amejibiwa, na ndipo alipowasha.

Mwanzoni nilidhani anafukuza kuku. Hapakuwa na kuku.

Kuna mwendeshaji mmoja Mrundi, mwenye koti jekundu, mtu wa maneno mengi na mzaha, anayependwa na abiria kwa sababu hiyo. Siku moja alileta tairi yake. Fundi akaweka boliti zote, akakaza, akafunga pikipiki kwenye stendi, akasema maneno yake. Akangoja. Akasema tena. Akangoja. Mara ya tatu aliketi juu ya kopo la rangi na kufuta mikono.

"Leo haiwezekani," akasema.

"Haiwezekani nini, mzee?" Koti Jekundu akauliza.

"Hajatoka."

"Nani hajatoka? Mbona sioni mtu? Ama ni bibi yako wa zamani amekuja kudai mahari?"

Tuliokuwa pale tukacheka. Fundi hakukasirika. Alisema tu, "Rudi kesho."

Koti Jekundu hakurudi kesho. Alisukuma pikipiki yake mpaka nyumbani, akainua gurudumu juu ya gogo, akawasha mwenyewe. Boliti moja ikatoka. Ilipita kwenye ubao wa mlango wa jiko, ikaingia kwenye kinu kilichokuwa ndani, ikakwama huko. Mke wake alikuwa ametoka kwenye kinu kile kwenda kuazima chumvi.

Asubuhi iliyofuata alimletea Fundi ile boliti kiganjani, na hakuwa na mzaha.

"Ulijua," akamwambia.

"Mimi sijui kitu," Fundi akasema. "Mimi ninangoja tu." Akaigeuza boliti, akamwonyesha pale ilipokatika chini ya kichwa, alama ya ufa wa zamani, mwembamba kama unywele. "Hii ilikuwa mubovu tangu kiwandani. Macho yangu hayakuiona."

"Sasa nani aliiona?"

Fundi alitupa boliti ile kwenye kopo la vyuma vibovu, akaomba apewe spana namba kumi.

Msidhani alikuwa mtu wa giza. Alipenda chai yenye tangawizi nyingi, na alipenda kubishana na vijana kuhusu mpira wa miguu ingawa hakuwahi kutazama mechi. Kanisani aliketi benchi la pembeni, si mbele wala nyuma kabisa, na mchungaji alipomtania kwamba mbinguni hakuna viti vya pembeni, alisema, "Basi nitasimama kwa mulango, niangalie wanaoingia."

Lakini alikuwa na mambo yasiyolingana. Alitengeneza pikipiki maisha yake yote na hakupanda hata moja. Alikwenda kwa miguu, akikanyaga majani ya kando, hata mpaka senta ya Rwekubo. Alikuwa stadi wa boliti kuliko mtu yeyote, na alizichukia. Alizikubali kwa wabebao maharage, mkaa na mabati. Kwa wabebao watu alikataa.

"Gunia ukiliambia likae, linakaa," alisema. "Muntu anashuka kusukuma."

Hilo nalo linahitaji maelezo. Kwetu pikipiki ikikwama topeni, abiria anashuka, anakwenda nyuma, anaweka mikono kwenye keria na kusukuma. Hakuna anayemwambia. Ni heshima. Abiria anayesimama pembeni akitazama watamsema mpaka kisimani, kwamba huyo ni bwana mkubwa, angeleta na kiti. Kwa tairi ya kawaida madhara yake ni matope usoni. Kwa tairi ya boliti, magoti yake na uso wake viko pale pale vyuma vinapotokea. Fundi alifundisha kwamba abiria avute kwa kamba kutoka mbele, au ashike pembeni karibu na kiti, nyuma kamwe. Watu walimsikiliza, wakaitikia, wakafika topeni wakaenda nyuma. Heshima ina nguvu kuliko fundi.

Ndiyo maana alidai majina. Mwendeshaji akisimama kibandani na abiria, Fundi alimwendea abiria kwanza.

"Jina lako nani, mama?"

"Unataka kunioa?" mwanamke mmoja alimjibu, nami nikiwepo.

"Hapana. Ninataka usikufe." Kisha akamgeukia mwendeshaji. "Umesikia jina? Mukikwama, kabla ya kuongeza gazi, utamwita kwa jina. Asipojibu kutoka pembeni ao mbele, usiguse kitu. Hata mvua ikunyeshee mpaka jioni."

Majina ya wote aliyajua. La kwake hakumwambia mtu. Alipoulizwa alisema, "Jina la nini? Mimi sipandi."

Jambo lingine alilolikataza ni lami. Tairi ya boliti haigusi lami, alisema, kwa sababu kwenye lami boliti haina cha kuchoma, inateleza kama kwato kwenye mwamba. Ukitaka kwenda mjini Mbarara, unafungua tairi na kuweka ya kawaida kabla ya kufika barabara kubwa. Koti Jekundu, kabla ya habari ya kinu, aliona uvivu kubadilisha, akaingia lami na boliti zake. Alishika breki mbele ya polisi, akateleza akiwa ameketi wima, mpaka miguuni pa afande mmoja. Cheche zilitoka nyuma yake.

"Ssebo," afande akasema, ndivyo huku wanavyomwita mtu bwana, akiinama kutazama gurudumu, "hii ni tairi ama ni silaha?"

"Ni ya matope, afande."

"Wewe unaona matope hapa? Toa hii kitu kwa lami. Na unipe simu ya huyo mwenye alikutengenezea."

"Hana simu, afande."

"Basi mwambie anisalimie na tairi ya kawaida."

Hadithi hiyo Koti Jekundu mwenyewe aliisimulia, na Fundi aliicheka mpaka akatoa machozi. Alipomaliza kucheka aliuliza, "Nyuma yako kulikuwa na muntu?" Hapakuwa na mtu. "Vizuri," akasema, na siku hiyo hakucheka tena.

Sasa naja kwa mambo yangu. Mama yangu ana kidonda mguuni, cha ugonjwa wa sukari. Daktari alimwambia lazima kioshwe na kufungwa kila Jumatano pale kituo cha afya, asipofika mara nyingi mguu utakatwa. Kati yetu na kituo kuna bonde. Kiangazi tunavuka kwa dakika chache. Masika yaliyopita tulikosa Jumatano mbili mfululizo. Mara ya kwanza tulirudi nusu ya njia, mara ya pili hatukufika hata kwenye kibanda cha Fundi. Harufu ya kidonda ilianza kujaa nyumbani, na mama akaanza kulala na mguu nje ya pazia ili sisi tusiisikie.

Nilikwenda kwa Fundi kuomba boliti. Nilisimama mlangoni muda mrefu kabla ya kusema, kama kawaida yangu.

"Utabeba nini?" akauliza.

"Mama."

Akaacha kazi. Nikamweleza kidonda na Jumatano mbili. Alifikiri, akanikubalia kwa kichwa, kisha akasema, "Jina lake?"

Kwetu mtoto hataji jina la mama yake. Anamwita Mama, wageni wanamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na jina lake lenyewe linabaki kwenye karatasi za kituo. Mimi nimewahi kuliandika. Kulitamka, tangu nizaliwe, sikuwahi.

"Nitaliandika, Fundi."

"Kule kwenye tope utaandika na nini? Sema."

Sikuweza. Mdomo ulikataa. Nilikwenda nyumbani bila boliti. Kesho yake nikarudi, ikawa vile vile. Siku ya tatu nilitazama chini na kulisema kama mtu anayetema kitu.

"Nabintu."

"Sema tena. Sema kama muntu iko mbali."

"Nabintu."

Akachukua tairi yangu.

Siku hiyo hapakuwa na mtu mwingine kibandani. Alipokuwa akipima matundu, alinieleza jambo ambalo nadhani hakuwahi kumweleza mtu hapa. Sikumwuliza. Labda aliniambia kwa sababu mimi siongei.

Zamani kwao, kwenye barabara ya milima inayoshuka kutoka Fizi, kule Kongo, kwenda ziwani, alikuwa na pikipiki. Boliti alizivumbua mwenyewe, alijivuna nazo. Zilikuwa siku za kukimbia vita, watu wamejaa njiani na mvua imefunga. Kijana mmoja alimsimamisha. Alikuwa na viatu vipya vya ngozi, vya rangi ya kahawa, amevifunga kamba na kuvitundika shingoni visichafuke. Alisema, "Kaka, nifikishe." Akapanda.

"Sikumuulizaka jina," Fundi akasema. "Nilikuwa na haraka. Tukakwama fasi moja mubaya, yeye akashuka, akaenda nyuma kusukuma. Mimi nikaongeza gazi. Wakati ule nilikuwa natumia nati moja."

Akaendelea kutoboa. Mpira ulitoa moshi.

"Watu walinisaidia kumuzika kando ya njia. Mzee mmoja akaniuliza, tutasema ni nani huyu, tumuombee? Nikasema sijui. Viatu vyake vilikuwa bado safi." Alivuta boliti ya kwanza ikapita. "Tangu siku ile nikifunga boliti, anakuja kusimama fasi ile ile. Ninamwambia atoke. Lakini ninamwambia wewe, wewe. Muntu hawezi kutoka kama humuite jina."

Alinipa tairi yenye boliti ishirini na nne na masharti. Kila asubuhi kabla ya kuwasha nipitishe spana kwenye kila nati, moja moja, na kuhesabu kwa sauti. Niangalie kwamba boliti haigusi madigadi wala mnyororo. Nisipite mbio penye mawe. Nimwite mama kwa jina lake.

Baada ya wiki mbili alichukuliwa kwenda Mbarara. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na mtoto wa dada yake, anayeuza nguo huko, mtaa wa Nyamityobora, akasema aende akae naye. Kibanda kilifungwa. Bati la nyuma lilibaki limesimama kwenye kichuguu, na mawe yake, na watu waliendelea kuyazunguka.

Jumatano nne tulivuka vizuri. Kidonda kikaanza kukauka kwenye kingo. Jumatano ya tano mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, ikakatika saa nne. Nikaona tutachelewa. Nikampakia mama, nikaondoka. Spana ilibaki mfukoni, sikupitisha, sikuhesabu. Naandika hili kwa aibu, lakini nisipoandika nitakuwa nimewadanganya.

Bondeni tulizama mpaka kwenye ekseli. Palikuwa pamejaa ukungu mweupe, majani ya kando yamesimama marefu kuliko mtu, na hakuna mwingine njiani. Nilimsikia mama akishuka. Nikamwambia asimame kwenye majani, asikanyage tope na kidonda, halafu nikatazama mbele kutafuta mahali pa kutokea. Kioo cha pembeni kilikuwa kimepakwa matope chote. Sikutaka kugeuka, pikipiki ingeanguka.

Nikakumbuka kuita. Na hata hapo, peke yetu, jina lilinishinda. Nikasema tu, "Umetoka nyuma?"

"Niko hapa," sauti ikajibu.

Ilitoka upande wa kushoto, kwenye majani, hatua mbili tatu kutoka kwangu. Ilikuwa sauti ya chini, ya mtu aliyechoka. Nilishika mpini wa gazi. Kilichobaki ni kuuvuta tu.

Sijui kwa nini sikuvuta. Nafikiri ni zile siku tatu za mlangoni. Nilijiona tena nimesimama pale, naambiwa niseme kama mtu aliye mbali. Nikafumba macho, nikasema kwa nguvu:

"Nabintu."

Kwenye majani kukawa kimya.

Nyuma yangu, karibu kabisa, chini, mahali ambapo gurudumu lilikuwa, mama akasema, "Heee. Nani amekuruhusu kuniita vile?"

Alikuwa ameinama nyuma ya keria, mikono miwili imeishika, goti la mguu mzima likiwa limegusa tairi. Alikuwa amekwenda kusukuma kama watu wote.

"Mama, hukusema uko hapa?"

"Mimi sikusema kitu. Nilikuwa navuta pumzi nisukume."

"Nani amejibu?"

Mama alitazama majani, nami nikatazama. Yalikuwa yamesimama wima, yamebeba maji kwenye ncha, na hakuna lililovunjika. Mama akashika pikipiki kwa pembeni, akaizunguka polepole mpaka mbele, akachukua kamba, akaanza kuvuta, na midomo yake ilikuwa ikisali.

Nikaongeza gazi. Gurudumu likauma, pikipiki ikaruka kutoka topeni, na katika kutoka kwake nikasikia kitu kikipiga mluzi na kuingia kwenye ukungu nyuma yetu. Sikusikia kikianguka.

Kituoni walimsafisha mama kidonda. Mimi nilipiga magoti nje na kuhesabu boliti. Ishirini na tatu. Tundu la ishirini na nne lilikuwa safi, limejaa maji.

Jumamosi niliweka tairi ya kawaida, nikaacha pikipiki Rwekubo, nikapanda takisi mpaka Mbarara. Nyamityobora niliuliza mara nyingi mpaka nikafika. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha duka la nguo, na kofia yake ya sufu, mikono juu ya magoti. Mikono ile ilikuwa misafi, na hilo lilinishtua kuliko macho, ambayo yalikuwa meupe. Watu walikuwa wakipita mbele yake na magunia na simu zao, naye shingo yake bado imegeukia kulia, kwenye ukuta.

Sikusalimu upesi. Nilisimama tu, kama kawaida yangu.

"Ni ule kijana hasemaka," akasema. "Keti. Zimebaki ngapi?"

"Ishirini na tatu, Fundi."

Sikumwuliza amejuaje. Hakunigombeza kuhusu spana, ingawa nilimweleza. Aliuliza, "Na Nabintu?"

"Mzima. Mguu unapona."

Alipumua kwa muda mrefu. Kisha nikamweleza ile sauti. Nilieleza vibaya, kwa kurudia rudia, na alinifanya nirudi mwanzo mara tatu. Nilimwuliza jambo linaloninyima usingizi: je, ilitaka kuniua mama? Maana kama si jina, ningevuta.

"Uliuliza nini? Maneno yenyewe."

"Nilisema, umetoka nyuma?"

"Bila jina."

"Bila jina."

"Basi hakukudanganya," akasema. "Uliuliza muntu asiye na jina, na asiye na jina akajibu. Miaka yote ile mimi ninamwambia atoke, hanijibu hata siku moja. Ninangoja tu mpaka mwili wangu uniambie nafasi iko tupu." Akasogea karibu nami. "Alisema niko hapa?"

"Alisema niko hapa."

"Fasi gani?"

"Pembeni. Kwenye majani."

"Pembeni," akasema. Shingo yake, naapa mbele ya Mungu, ilinyooka, akatazama mbele kama watu wengine. "Basi ametoka nyuma."

Mtoto wa dada yake alituletea chai. Tulikunywa. Nilidhani mambo yamekwisha. Nilipoinuka kuaga alinishika mkono, akauliza kwa sauti ndogo:

"Na jina? Hukumuuliza jina?"

Nikasema sikumuuliza.

"Ulikuwa naye pale, pembeni yako, na hukumuuliza," akasema. Akaachilia mkono wangu. Niliona shingo ikianza kurudi kule kwenye ukuta, polepole.

Nimepita bondeni Jumatano zote tangu hapo. Sasa navuta pumzi na kumwita mama kwa jina, naye anajibu kutoka mbele akiwa ameshika kamba, na ananiambia nimeota mapembe. Tukikwama, baada ya yeye kujibu, nauliza pia upande wa majani: wewe unaitwa nani? Hakuna anayejibu.

Ndilo ombi langu. Kama unasoma haya, na katika ukoo wenu kuna kijana aliyetoka nyumbani siku za kukimbia, upande wa Fizi kushuka ziwani, mvua inanyesha, ametundika viatu vipya vya rangi ya kahawa shingoni, na hakufika alikokwenda, andika jina lake kwenye karatasi. Usijali mwandiko, wangu umeuona. Mpe mtu yeyote anayekuja Nakivale, aiache kwa waziba tairi pale Rwekubo, aseme ni ya Fundi. Itanifikia, nami nitampelekea Nyamityobora siku hiyo hiyo, kwa tairi ya kawaida. Macho yake hayawezi kusoma tena. Nitamtamkia mimi, kama mtu aliye mbali.